Apolo Kivebulaya: Mtu Aliyerudi Mboga



Katika vijitabu vya yubile kama hiki huwa kuna ratiba, kuna picha, kuna salamu za viongozi, na mahali fulani katikati huwekwa habari za mtumishi mmoja wa Mungu aliyetutangulia. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika sehemu hii tuliombwa tuzingatie neno la yubile yetu, yaani ujasiri unaozaliwa na imani, ule unaomwinua mtu kutoka mahali alipozoea na kumpeleka mahali asipopajua.

Wengi mtatarajia kusoma hapa habari za Askofu Alexander Muge, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Eldoret. Ni haki kutarajia hivyo. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani asikanyage Busia. Akaenda, akafanya huduma yake, na tarehe 14 mwezi huo akafa katika ajali ya barabarani akirudi nyumbani. Wazee wetu bado wanaikumbuka siku hiyo, na habari zake husimuliwa katika makanisa yetu hadi leo. Kwa sababu hiyo tumechagua mtu mwingine, wa zamani zaidi, ambaye vijana wengi wa kwaya hawajawahi kusikia jina lake, ingawa kanisa zima la Afrika Mashariki lina deni kwake. Anaitwa Apolo Kivebulaya.

Ili tujue alikotoka, tuianze safari hapa hapa Uganda Road, katikati ya Eldoret. Mtu akiifuata barabara hii kuelekea magharibi atapita Turbo, Webuye na Bungoma, atavuka mpaka Malaba, kisha Tororo, Jinja na Kampala. Akiendelea mbele ya Kampala atapita nchi ya Singo, atafika Fort Portal katika nchi ya Toro, na huko ataiona milima ya Ruwenzori yenye theluji juu yake. Barabara ya lami inaweza kumfikisha hapo. Lakini Apolo hakuishia hapo. Alishuka bonde la mto Semliki, akavuka, akapanda ng'ambo ya pili mpaka Mboga, kwenye ukingo wa msitu mkubwa wa Kongo. Alipokwenda huko mara ya kwanza, mwaka 1896, reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa. Eldoret haikuwapo. Alikwenda kwa miguu.

Utoto na vita

Apolo alizaliwa Buganda, katika nchi ya Singo, karibu mwaka 1864. Alizaliwa pacha, na kama ilivyo desturi ya Waganda, mtoto wa kiume anayetangulia kuzaliwa kati ya mapacha huitwa Waswa. Hilo ndilo lililokuwa jina lake la kwanza.

Siku za ujana wake zilikuwa siku za misukosuko. Kabaka Mutesa alikuwa amewakaribisha wageni wa kila namna katika ikulu yake: Waarabu na Waswahili kutoka pwani waliofundisha Uislamu, wamisionari Waingereza wa Kianglikana, na mapadri Wafaransa wa Kikatoliki. Mutesa akafa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Oktoba 1885 Askofu James Hannington, aliyekuwa akija Buganda kwa kupitia upande huu wetu wa mashariki, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Kati ya 1885 na 1887 vijana wengi Wakristo wa Buganda waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto wakiwa hai. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, na dini zikawa ndiyo majina ya majeshi.

Waswa alikulia ndani ya moto huo. Alimsikia mmisionari Alexander Mackay akifundisha, na maneno hayo yakabaki moyoni mwake, lakini hakuyashika mara moja. Kwa muda alikuwa upande wa Waislamu, akabeba silaha, akapigana. Ni vizuri tulijue hili, kwa maana tunaposoma habari za watumishi wa zamani tunapenda kudhani kwamba walizaliwa wakiwa tayari wameshika Biblia. Huyu alikuwa askari. Aliifahamu damu, njaa ya safarini na kulala porini. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi alipobatizwa, mwanzoni mwa mwaka 1895.

Katika ubatizo alichukua jina la Apolo. Wanaosoma Matendo ya Mitume wanamkumbuka Apolo wa Aleksandria, mtu hodari wa kunena, ambaye hata hivyo alikubali kuketi na Prisila na Akila ili afundishwe zaidi. Jina la pili, Kivebulaya, alipewa na watu. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, na hata msemaji wa Kiswahili anaweza kulisikia neno Ulaya ndani yake. Aliitwa hivyo kwa sababu ya vazi la Kizungu alilopenda kuvaa. Hivyo jina lililoanza kama mzaha wa watu ndilo lililokuja kuandikwa katika kalenda ya Kanisa.

Kuvuka Semliki

Miaka ile Kanisa la Buganda lilikuwa limewaka moto wa namna nyingine. Mwishoni mwa 1893 mmisionari George Pilkington alikuwa ameguswa upya na Roho Mtakatifu, na uamsho ulioanzia kwake ukaenea miongoni mwa Waganda wenyewe. Wakristo waliitwa wasomaji, kwa sababu hakuna aliyebatizwa kabla ya kujifunza kusoma. Biblia nzima ikakamilika katika Kiganda mwaka 1896. Watu waliotoka vitani juzi walichukua vitabu, wakaondoka wawili wawili kwenda nchi za jirani kufundisha.

Apolo alikuwa mmoja wao. Katika mwaka ule ule wa 1895 aliobatizwa alikwenda Toro. Alikuwa na sababu nyingi za kubaki Buganda. Huko alikuwa na ndugu, lugha yake, ndizi za kwao na heshima ya askari mzoefu. Toro alikuwa mgeni, tena mgeni wa kabila ambalo majirani walikuwa wamelizoea kama watu wa kuja na mikuki. Muganda aliyetaka kuhubiri huko ilimbidi kwanza aaminike kwamba hakuja kuteka.

Ng'ambo ya Semliki, katika nchi ya Mboga, walimu wawili walikuwa wametangulia. Mtawala wa huko, Tabaro, hakuwataka. Hakuwafukuza kwa fimbo. Aliwakataza watu wake wasiwape wala wasiwauzie chakula. Njaa ikawashinda, wakarudi Toro. Hatuwalaumu. Mtu asiye na kitu cha kuweka chunguni hawezi kufundisha kwa muda mrefu.

Ndipo Apolo akaenda, mwishoni mwa 1896. Tujaribu kuiona njia hiyo. Ukitoka Toro unashuka ukingo mrefu wa mlima hadi bonde lenye joto kali, lenye wanyama wakali na nyasi ndefu kuliko mtu. Unaufikia mto Semliki, unaotoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert. Unavuka. Kisha unapanda tena hadi nyanda za Mboga. Na juu ya hayo yote Apolo alijua kilichowapata walimu waliomtangulia. Hakwenda kwa kutojua.

Tabaro alimpokea kama alivyowapokea wale wa kwanza. Watu walikatazwa kumpa chakula, naye ikambidi ajitafutie riziki kwa mikono yake. Lakini hakurudi. Alifundisha herufi, akafundisha Injili, na wachache wakaanza kumsikiliza. Kadiri walivyoongezeka, ndivyo hasira ya mtawala ilivyopanda, kwa sababu mafundisho haya yaligusa mambo aliyoyategemea: hirizi, pombe, wake wengi, na ile hofu inayomfanya mtu amtii mkuu wake bila kuuliza. Apolo akapigwa vibaya, akaachwa akidhaniwa amekufa. Mwanamke mmoja alimhurumia, akamtunza mpaka akapata nafuu.

Hatuna jina la mwanamke huyo la kuwapa. Lakini tukiwa tunahesabu ujasiri katika habari hii, na yeye ahesabiwe. Apolo alikuwa mgeni aliyeweza kuondoka. Yule mama alikuwa mwenyeji, na angeendelea kuishi chini ya Tabaro.

Gerezani

Kisha likaja jaribu kubwa kuliko njaa na fimbo. Mwanamke mmoja wa ukoo wa mtawala alijikwaa, akaangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini Tabaro alimshtaki Apolo kwamba ndiye aliyesababisha kifo hicho. Mwalimu akafungwa minyororo, akapelekwa ng'ambo, kwa maofisa wa Kiingereza huko Toro, akatiwa gerezani.

Hapa tunawaomba wasomaji wetu tusimame kidogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu.

Mara nyingi tunahubiriwa kwamba ujasiri huja kwanza, halafu mtu huondoka. Abrahamu akapata imani, akaondoka Harani. Petro akapata imani, akatoka chomboni. Basi mtu mwenye hofu huketi akingoja ujasiri umshukie, na miaka hupita akiwa ameketi. Katika maisha ya Apolo mambo hayakwenda hivyo. Alikwenda Mboga na imani changa, chini ya miaka miwili tangu ubatizo wake. Alifanya kazi, akapata njaa, akapigwa. Na baada ya yote hayo akajikuta katika minyororo kwa kosa ambalo hakulitenda, akidaiwa uhai wa mtu. Mtu mwenye nguvu za mwili na moyo wa askari, safari hii alivunjika moyo. Alifika mwisho wa ushujaa wake mwenyewe.

Ni wakati huo, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alipomwona Kristo. Alisimulia maisha yake yote kwamba Bwana alimtokea katika mwanga kama wa jua, akamwambia ajipe moyo kwa sababu yupo pamoja naye. Hakuahidiwa kwamba Tabaro atakufa, wala kwamba mlango wa gereza utafunguka usiku kama ulivyofunguka kwa Paulo na Sila. Aliahidiwa tu kwamba hatakuwa peke yake. Apolo hakuhitaji kingine.

Shauri liliposikilizwa hakuonekana na hatia, akaachiliwa huru.

Sasa alikuwa Toro, upande salama wa mto. Alikuwa na ruhusa ya kila mtu ya kutorudi. Nani angemlaumu? Angeweza kupewa shule hapo hapo, chini ya kivuli cha wamisionari na boma la serikali, akafundisha kwa amani mpaka uzee. Tena angekuwa na ushuhuda mzuri wa kutoa kila Jumapili, wa jinsi alivyoteswa Mboga.

Apolo akarudi Mboga.

Twasema hivi kwa unyenyekevu, lakini twaamini ni kweli: hatua ya kwanza ya mtu kutoka mahali alipozoea si ngumu kama hatua ya pili. Mara ya kwanza kuna mvuto wa jambo jipya, kuna maombi ya kanisa, kuna watu wanaokusindikiza. Mara ya pili unajua kila kitu kinachokungoja. Unaijua fimbo na uzito wake. Ujasiri wa ujana ulimvusha Apolo Semliki mara ya kwanza. Uliomvusha mara ya pili ulitokana na imani peke yake.

Na jambo ambalo njaa, hoja na mafundisho hayakuliweza, kurudi kwake kuliliweza. Tabaro alimwona mtu aliyemfunga minyororo akija tena kwa miguu yake, bila askari, bila kudai fidia, akiwa na kitabu kile kile. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Mtawala yule akaanza kusikiliza, akatubu, akabatizwa, akachukua jina la Paulo, yule mtesi aliyegeuka mtume.

Kurudi tena

Baada ya hapo Apolo aliitwa afanye kazi Toro. Alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Kwa zaidi ya miaka kumi alizunguka nchi hiyo kwa miguu, akifungua vituo, akifundisha walimu, akiandika shajara yake kwa Kiganda. Aliishi bila mke. Kidogo alichokuwa nacho aligawia watu, na baadaye akafanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Mtu wa namna hiyo, akiwa na cheo na umri wa miaka hamsini, huanza kufikiri juu ya kupumzika.

Lakini Mboga ilikuwa haijamwacha. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa na ramani zao, na walipomaliza kugawana mpaka, Mboga iliangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wachache wa huko wakawa wamekatwa na kanisa lililowazaa. Palikuwa na hatari ya kuachwa kama kundi lisilo na mchungaji, katika nchi yenye serikali nyingine na lugha nyingine ya utawala. Mwaka 1915 Apolo akavuka Semliki tena, akarudi kwao. Safari hii alibaki mpaka kufa.

Kutoka Mboga ukitazama magharibi unauona msitu wa Ituri. Ndani yake waliishi Wambuti, watu wafupi wa umbo, wawindaji wenye pinde na nyavu, ambao majirani zao waliwadharau na kuwahesabu kama nusu ya watu. Hata waumini wa Mboga hawakuona kwamba Injili inawahusu. Apolo aliona. Alieleza kwamba katika maono mengine Bwana alimtuma msituni, na kuanzia 1921, akiwa na miaka karibu sitini, alianza kuingia huko. Alijitahidi kujifunza maneno yao, akawatembelea katika vibanda vyao vya majani, akaketi nao.

Tukumbuke kwamba huyu alikuwa Muganda, mtu wa ufalme mkubwa wenye ikulu, barabara na adabu nyingi za kusalimiana. Alianza kwa kuvuka kwenda kwa Watoro. Kisha akavuka kwenda Mboga. Kisha akavuka kwenda kwa watu ambao hata Mboga waliwadharau. Kila alipofika mahali na kupazoea, Bwana alimwonyesha watu wengine waliokuwa mbele kidogo.

Mwaka 1933 nguvu zilimwisha. Alipoona siku zake zimekaribia, hakutaka azikwe Buganda kwa baba zake, wala Namirembe penye heshima ya ukanoni wake. Alitaka afie Mboga. Alifariki huko tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza kwamba, kinyume na desturi, azikwe kichwa chake kikielekezwa magharibi, upande wa msitu, upande ambao kazi ilikuwa haijakamilika. Wakafanya hivyo.

Kutoka katika mbegu hiyo ndogo ya Mboga kanisa la Kianglikana la Kongo lilizaliwa. Mwaka 1972 ilianzishwa dayosisi yenye makao yake huko huko, na mwaka 1992 kanisa hilo likawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake. Waumini wake wengi wa mashariki ya Kongo humwabudu Mungu kwa Kiswahili, lugha hii hii tunayoiimbia. Kila mwaka, tarehe 30 Mei, Waanglikana katika nchi mbalimbali humkumbuka mtu yule aliyeitwa kitu kilichotoka Ulaya, ambaye kwa kweli alitoka Singo.

Nasi wa Eldoret?

Habari hii inatuhusu nini sisi, siku ya yubile, tukiwa tumevaa majoho mapya na kanisa limejaa?

Mji wetu ni mji wa watu waliotoka sehemu nyingi. Zamani uliitwa Sikisti Foo kwa ajili ya namba ya shamba, na tangu mwanzo hapa wamekutana Wanandi na Wakeiyo, Waluhya na Wakikuyu, Wajaluo na Wakisii, Waturkana, Wasomali na Wahindi. Tunauziana maziwa na mahindi, tunapanda matatu moja, watoto wetu wanakaa dawati moja. Lakini sote tunajua kwamba mwaka 2008 ulipoanza, watu waliokimbilia kanisani pale Kiambaa, karibu na mji huu, walichomwa moto humo humo. Waliokuwa watoto wakati huo sasa wanaimba sauti ya pili na ya tatu katika kwaya yetu. Na mpaka leo iko mitaa ambayo baadhi yetu hatuendi. Hakuna aliyetukataza. Hatujazoea tu.

Mbele ya kwaya kuna pendekezo, na kila mwanakwaya analijua kwa sababu limezungumzwa katika mikutano mitatu. Linasema kwamba baada ya yubile hii, Jumapili moja ya kila mwezi, alasiri, kwaya iwe inatoka: gerezani, wadi za hospitali, na makanisa madogo ya mitaa ambayo lugha ya nyumbani si lugha ya wengi wetu. Maoni hayajafanana. Wengine wameuliza nauli itatoka wapi. Wengine wameuliza kama tutapokewa. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliuliza swali gumu kuliko yote: vipi mtu aende kuwaimbia watu wa mahali ambapo nyumba yake iliwahi kuchomwa. Hakuna aliyethubutu kumjibu haraka, na ni vizuri, kwa sababu si swali la kujibiwa haraka.

Hatuandiki haya ili kumsukuma mtu. Apolo hakusukumwa na mtu. Twaandika kwa sababu maisha yake yanajibu mambo mawili ambayo mikutano yetu haikuweza kuyajibu.

La kwanza, hatuhitaji kungoja hofu iishe. Kama Apolo angengoja, angekufa akingoja. Hofu yake ilikutana na Bwana gerezani, mahali ambapo asingefika kamwe kama angebaki nyumbani. Anayetetemeka anaweza kwenda akitetemeka. Na asiyeweza kwenda leo asihukumiwe. Yule mwanamke wa Mboga hakuvuka mto wowote. Ujasiri wake ulikuwa kumtunza aliyepigwa pale pale alipokuwa, nao ulitosha kuiokoa kazi yote iliyofuata.

La pili, kwenda mara moja si kazi kubwa. Kwaya yoyote inaweza kukodi basi, ikaimba nyimbo nne, ikapiga picha na kurudi jioni. Wafungwa na wagonjwa wamewaona wageni wengi wa namna hiyo. Tabaro hakuguswa na Apolo aliyekuja. Aliguswa na Apolo aliyerudi. Kama tutapokewa kwa ubaridi mara ya kwanza, hiyo haitakuwa ishara kwamba Bwana hakututuma. Mwezi unaofuata turudi, na nyimbo zile zile, kwa watu wale wale, mpaka watujue kwa majina nasi tuwajue kwa yao. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, na sisi hata bure hatutembei, kwa maana tumebeba wimbo.

Kwaya ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Kila mmoja wetu anakumbuka Jumamosi ya kwanza alipokuja mazoezini, akasimama nyuma, akaimba kwa sauti ya chini ili asisikike akikosea. Mwalimu wa kwaya hakutuambia twende nyumbani mpaka tutakapoacha kuogopa. Alitusogeza tusimame karibu na mtu anayeijua sauti, tukamsikiliza, tukafuata, na siku moja tukajikuta tunaimba. Apolo pia hakuwa na siri nyingine. Alijua ni nani anayesimama karibu naye, akafuata.

Basi leo tushangilie, tule keki ya yubile, tuwakumbuke waimbaji waliolala. Jumamosi ijayo mazoezi yataanza saa nane alasiri kama kawaida, na orodha ya watakaotoka Jumapili ya kwanza itakuwa mezani kwa katibu. Iko nafasi ya majina yote, na wenye hofu pia waandike yao.

Bwana awabariki.